Vikumbusho vya kila siku kwa wazee: Kipi kinamfaa nani?

Na MWANDISHI WETU

MZEE ameketi sebuleni akiwa na bahasha ya dawa mkononi. Hakumbuki kama amekwisha kumeza kidonge cha asubuhi au bado. Akimeza tena, huenda shinikizo lake la damu likashuka kupita kiasi. Asipomeza, huenda likapanda. Anaona haya kuwauliza watoto, maana aliwauliza jana wakaguna. Basi anakisia.

Kisa kama hiki si kigeni katika nyumba nyingi nchini, na aghalabu jamaa hukichukulia kuwa ndiyo ada ya uzee. Ilhali kalamu na kalenda ya ukutani vingetosha kumwondolea mzee huyo shaka: kila akimeza, anatia alama kwenye tarehe ya siku hiyo. Hicho ni kikumbusho, yaani kitu au utaratibu ulio nje ya kichwa unaobeba sehemu ya mzigo wa kukumbuka.

Hata hivyo, kikumbusho kinachomfaa mzee mmoja huenda kisimfae mwingine. Mzee anayesahau kwa sababu ya umri tu hukumbuka kwamba ana kalenda, akaiendea. Mzee aliyepatwa na maradhi ya kusahau huisahau kalenda yenyewe. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa makala haya.

KUSAHAU KWA UMRI NA KUSAHAU KWA MARADHI

Kadiri miaka inavyosonga, ubongo huchukua muda mrefu zaidi kupokea habari mpya na kuzitoa zinapohitajika. Mtu hukwama kwenye jina la jirani wa zamani, kisha likamjia akiwa anaoga. Huingia jikoni akajiuliza alifuata nini. Huweka miwani mahali akaitafuta nusu saa. Haya ni mabadiliko ya kawaida na hayamzuii mtu kuendesha maisha yake. Msamiati, methali, ujuzi wa kazi na busara ya kupima mambo hudumu, na kwa wengi msamiati huendelea kupanuka hata baada ya miaka 60.

Kati ya kusahau huko na maradhi kamili kuna hali ya katikati ambayo wataalamu huiita upungufu mdogo wa utambuzi. Mtu mwenyewe au jamaa zake huona kwamba kumbukumbu imepungua, na vipimo vinathibitisha hivyo, lakini bado anajipikia, anajisafirisha na kusimamia fedha zake. Baadhi ya walio katika hali hii huishia kupata maradhi ya kusahau, wengine hubaki hapo walipo kwa miaka mingi, na wengine hurejea kuwa sawa.

Maradhi yenyewe kwa jumla huitwa demensia. Hilo si jina la ugonjwa mmoja bali la mkusanyiko wa dalili zinazoletwa na magonjwa kadhaa ya ubongo. Linaloongoza ni gonjwa la Alzheimer, ambalo Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema huchangia kati ya asilimia 60 na 70 ya visa vyote. Limepewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyelieleza hadharani mwaka wa 1906 baada ya kumfuatilia mgonjwa aliyemwona mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka wa 1901. Kwa mujibu wa WHO, watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za mapato ya chini na ya kadiri. Shirika hilo linasisitiza kwamba demensia si sehemu ya kawaida ya kuzeeka.

Namna nyepesi ya kutofautisha ni hii: kusahau ulikoweka funguo ni jambo la kawaida, kuzishika funguo mkononi usijue kazi yake si kawaida. Kuuliza swali lile lile mara nyingi ndani ya saa moja, kupotea katika njia ya kila siku, kushindwa na pishi ulilolipika miaka 40, au kuwashuku watu wa nyumbani kwamba wameiba kitu ulichokificha mwenyewe, ni dalili zinazohitaji daktari.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Kabla ya kununua kikumbusho chochote, ni muhimu mzee apimwe. Zipo hali zinazofanana na demensia lakini zinaweza kutibiwa: upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo, huzuni ya kupita kiasi, maambukizi na ukosefu wa usingizi. Aidha, baadhi ya dawa huvuruga kumbukumbu, zikiwemo dawa kadhaa za mzio zinazoleta usingizi na zile za kumlaza mtu. Ni vyema kuzibeba dawa zote za mzee, pamoja na za miti shamba, na kumwonyesha daktari.

Macho na masikio nayo yasisahaulike. Jambo ambalo mtu hakulisikia vyema hawezi kulikumbuka. Mara nyingine mzee anayedaiwa kusahau maagizo hakuyasikia tangu mwanzo.

Ikiwa mzee amebadilika ghafla, kwa saa au siku chache, akawa haelewi alipo au ana usingizi usio wa kawaida, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitalini bila kukawia.

KUMBUKUMBU SI GHALA MOJA

Watu wengi huzungumzia kumbukumbu kana kwamba ni gunia moja linalovuja. La hasha. Kuna kumbukumbu ya matukio, mathalan ulichokula jana. Kuna ya maarifa, kama vile jina la mji mkuu. Kuna ya mazoea, ile inayokaa mikononi: kushona, kusuka kiondo, kukama ng'ombe. Na kuna ya mambo yajayo, yaani kukumbuka kutenda jambo wakati wake ukifika.

Katika gonjwa la Alzheimer, kumbukumbu ya matukio ndiyo hutangulia kudhoofika. Ile ya mazoea huchelewa. Ndiyo maana ajuza asiyekumbuka kama amekula anaweza bado kusuka ukili bila kukosea. Hili lina funzo kubwa: mazoea yanayojengwa mapema humhudumia mtu hata baada ya kusahau ni kwa nini aliyajenga. Mzee aliyezoea kutundika funguo kwenye msumari mmoja kwa miaka 10 ana nafasi nzuri ya kuendelea kuzitundika hapo.

Kuhusu mambo yajayo, wanasaikolojia Gilles Einstein na Mark McDaniel walionyesha mwaka wa 1990 kwamba ni rahisi kwa wazee kukumbuka jambo lililofungwa na tukio kuliko, kama utafiti uliofuata ulivyodhihirisha, jambo lililofungwa na saa. "Nitameza dawa saa mbili" humtaka mtu aichunge saa. "Nitameza dawa nikimaliza chai ya asubuhi" humwachia chai kazi ya kukumbusha. Mpango wa namna hiyo ukitamkwa kwa sauti mara mbili tatu, hushika zaidi.

Maisha yetu yamejaa matukio ya aina hiyo: adhana, taarifa ya habari redioni, kukama, kufungia kuku jioni, sala kabla ya kulala. Badala ya kumbebesha mzee ratiba mpya, fungamanisha jambo jipya na lile ambalo tayari halimpiti.

Watafiti wameona ajabu nyingine. Katika maabara, vijana huwashinda wazee katika majaribio ya kukumbuka kutenda mambo. Nje ya maabara, katika shughuli za nyumbani, mara nyingi wazee ndio huwashinda vijana. Sababu mojawapo ni kwamba wazee wanajua kumbukumbu huteleza, hivyo huandika, hupanga na huweka vitu mahali pake. Anayetumia kikumbusho si dhaifu, ni mwangalifu.

FUNDO LA LESO

Vikumbusho si uvumbuzi wa wageni. Mama wa pwani hufunga fundo kwenye pindo la leso. Anayesali hufuatisha hesabu kwa tasbihi au rozari. Miongoni mwa Agĩkũyũ, waimbaji walitumia gĩcandĩ, kibuyu kilichochorwa alama, kufuatisha shairi refu la kujibizana kwa mafumbo.

Hata hivyo, fundo lina kasoro moja inayofaa kuzingatiwa. Linakumbusha kwamba kuna jambo, lakini halisemi ni jambo lipi. Kengele ya simu inayolia bila maelezo ina kasoro iyo hiyo: mzee huizima, kisha akabaki kujiuliza ililia kwa nini. Kikumbusho kizuri husema jambo lenyewe, huonekana mahali pa kutendea jambo hilo, na hutokea wakati wa kulitenda. Karatasi ya "Zima jiko" iliyobandikwa chumbani mwa kulala haina faida. Ibandikwe karibu na jiko au kwenye mlango wa kutokea jikoni.

VIFAA NA NAMNA YA KUVITUMIA

Mahali pamoja: Tenga bakuli au msumari mmoja karibu na mlango kwa ajili ya funguo, miwani, simu na kitambulisho. Jamaa wote waheshimu mahali hapo. Kijana anayepanga upya kabati la mama yake kila anapomtembelea humpokonya kikumbusho bila kujua.

Kalenda: Kwa asiye na maradhi, kalenda ya mwezi mzima inatosha, mradi iwe na nafasi ya kuandika na herufi kubwa. Kwa mwenye demensia, vyumba 30 vya tarehe humchanganya. Afadhali karatasi au ubao unaoonyesha siku moja tu: "Leo ni Jumanne. Wanjiru atakuja mchana." Ubadilishwe kila asubuhi na mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo. Ubao uliosahauliwa tangu juzi hudhuru kuliko kukosa ubao.

Saa: Hapa kuna mtego wa lugha. Simu huonyesha 7:00 nasi twasema saa moja asubuhi. Mjukuu aliyezoea Kiingereza huenda akaona 8:00 akamwambia babu "saa nane", na dawa ya asubuhi ikamezwa alasiri. Amueni nyumbani mtatumia hesabu gani, kisha muandike kwa maneno kamili: "saa mbili asubuhi, baada ya chai". Kwa mzee anayeamka usiku akidhani kumekucha, saa inayoonyesha wazi kama ni usiku au mchana husaidia, na pazia lililo wazi mchana husaidia zaidi.

Daftari moja: Methali yasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ni vivyo hivyo. Tatizo la wengi si kutoandika, bali kuandika kwenye vikaratasi vinavyopotea. Liwe daftari moja, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, likae mahali pamoja, na lifunguliwe nyakati zile zile, tuseme baada ya chai na kabla ya kulala. Kwa mtu mwenye upungufu mdogo wa utambuzi, daftari pekee halitoshi. Inafaa akae na mtu wa kumzoesha kwa majuma kadhaa: kwanza kujua daftari lina sehemu gani, kisha kuandika na kusoma, hatimaye kulitumia hata akiwa nje ya nyumba.

Kijisanduku cha dawa: Hiki ni kisanduku chenye vyumba saba au zaidi, kimoja kwa kila siku au kila kipindi cha siku. Uzuri wake ni kwamba kinajibu swali la yule mzee wa sebuleni: chumba kikiwa tupu, dawa imemezwa. Kijazwe mara moja kwa wiki na mtu anayeona na kukumbuka vyema. Muulize mfamasia kwanza, kwa kuwa zipo dawa ambazo hazistahili kutolewa katika pakiti yake. Kadhalika, mwombe afafanue maandishi ya bahasha. "1x3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini wapo wanaoisoma kuwa vidonge vitatu kwa mkupuo. Mchoro wa jua linalochomoza, jua la utosi na mwezi huondoa utata huo hata kwa asiyejua kusoma. Kwa mwenye demensia, kijisanduku kisiachwe mikononi mwake, kwani huenda akafungua vyumba vyote kwa siku moja.

Simu: Hata simu ndogo ya vitufe, maarufu kama mulika mwizi, kwa kawaida ina kengele, na nyingine huruhusu kuandika neno litakaloonekana kengele inapolia. Andika jambo lenyewe: "Dawa ya sukari". Nchini Uingereza, utafiti ulioongozwa na mwanasaikolojia Barbara Wilson na kuchapishwa mwaka wa 2001 ulionyesha kwamba watu wenye matatizo ya kumbukumbu, wengi wao waliowahi kuumia ubongo, walitimiza shughuli zao kwa ufanisi zaidi walipotumiwa ujumbe mfupi kwenye kifaa kidogo walichokivaa kiunoni. Siri ilikuwa kwamba ujumbe uliwafuata walipo. Hawakuhitaji kukumbuka kuutafuta. Kwa mzee ambaye maradhi yamezidi, sauti ya mtu hushinda kengele. Piga simu, mwambie, "Mama, chukua dawa sasa, ningali nawe," kisha usikate hadi ameze.

Maandishi na picha: Bandika alama kwenye makabati na milango, hasa ya choo. Ziwe kubwa, herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe au ya manjano. Zikae chini kidogo, kwa sababu wazee wengi huinama na kutazama chini. Kwa asiyesoma, tumia picha au kitu chenyewe: kikombe kilichotundikwa kwenye mlango wa kabati la vikombe hakihitaji maelezo. Tumia lugha aliyoinukia. Mara nyingi demensia hudhoofisha mapema lugha iliyosomwa ukubwani, na mzee hurejea kwa ile ya mama.

KWA ALIYE NA DEMENSIA

Ni kosa kudhani kuwa mwenye demensia hawezi tena kujifunza. Anaweza, hasa mambo machache yenye manufaa, yakifunzwa kwa njia inayotegemea mazoea.

Njia mojawapo ni marudio ya vipindi. Msingi wake uliwekwa na Thomas Landauer na Robert Bjork mwaka wa 1978, naye Cameron Camp wa Marekani akaieneza katika huduma za watu wenye demensia. Chagua jambo moja, kwa mfano: "Ukitaka kujua leo ni siku gani, utafanya nini?" Jibu liwe "Nitatazama ubao." Mwambie jibu, alirudie papo hapo, kisha aende kuutazama ubao. Muulize tena baada ya nusu dakika, kisha dakika moja, mbili, nne, nane. Katikati pigeni gumzo la mambo mengine. Akikosea, usimkemee wala kumwacha akisie. Mpe jibu, alirudie, kisha rejea kipindi cha mwisho alichofaulu. Polepole jibu huja lenyewe, hata kama hakumbuki kufunzwa.

Njia hiyo inashikana na kanuni ya kutomwachia mtu nafasi ya kukosea. Alan Baddeley na Barbara Wilson walieleza mwaka wa 1994 kwamba mwenye udhaifu mkubwa wa kumbukumbu akikisia vibaya, kosa lenyewe hushika kama mazoea, kwa kuwa hakumbuki kwamba alisahihishwa. Maana yake nyumbani ni kwamba tuache mitihani. Wajukuu hupenda kuuliza, "Nyanya, unanijua mimi ni nani?" Asipojibu, wote huhuzunika. Afadhali kusema, "Shikamoo nyanya. Mimi ni Mwende, mtoto wa Mutua." Salamu hiyo tayari ni kikumbusho.

Njia ya tatu ni kitabu cha maisha. Michelle Bourgeois, mtaalamu wa Marekani wa matatizo ya mawasiliano, alionyesha kuanzia mwaka wa 1990 kwamba vitabu vidogo vya picha huboresha mazungumzo ya watu wenye demensia. Kila ukurasa huwa na picha moja na sentensi moja fupi: "Huyu ni mume wangu." "Nilifunza katika shule ya msingi." "Nina watoto watano." Kurasa 10 hadi 20 zatosha. Mzee akiwa nacho, hazungumzi kwa kupapasa. Anasoma, anatazama, na hadithi inafunguka.

Kitabu hicho hufaa pia kwa swali linalorudiwa. Mama anayeuliza kila dakika tano, "Baba yako yuko wapi?" akipewa kadi iliyoandikwa "Baba ameenda sokoni. Atarudi saa kumi jioni", huweza kuisoma mwenyewe kila wasiwasi unapomjia. Ikiwa baba huyo alifariki zamani, kumpa habari ya msiba upya kila mara ni kumfiwisha kila siku. Mwombe akueleze kuhusu mumewe, mfungulie picha yake, na uitulize hofu iliyo nyuma ya swali.

PESA NA KUPOTEA

Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, wazee wengi wana benki mfukoni, na namba ya siri ya tarakimu nne imekuwa mzigo mpya wa kumbukumbu. Wengine huiandika nyuma ya simu. Wengine humtajia mtu yeyote aliye karibu. Mzee asiye na maradhi anaweza kujisaidia kwa kuifungamanisha namba hiyo na jambo analolijua peke yake, mradi si mwaka wake wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho. Kwa aliyeanza kudhoofika, familia ikubaliane mapema, naye akiwapo na akielewa, ni nani atakayemsaidia na namna ya kutoa hesabu. Ushauri wa wakili utafutwe wakati huo, si baada ya uwezo wa kuamua kutoweka. Wanaopokea fedha za mpango wa Inua Jamii, unaowalenga wazee wa miaka 70 na zaidi, ni windo rahisi la jamaa na wageni wenye tamaa.

Kuhusu kupotea, mshonee mzee kitambaa ndani ya koti au mpe kadi yenye jina lake na namba za simu za jamaa wawili. Usiandike namba ya siri wala habari za fedha. Weka picha yake ya hivi karibuni. Wajulishe majirani, wenye maduka, wahudumu wa bodaboda wa kituo cha karibu na mzee wa mtaa. Akitoweka, msingoje saa 24 kupita. Ripotini kwa polisi mara moja, huku mkimtafuta karibu na nyumbani, kisha katika njia alizozizoea zamani: shamba alilolilima, kazini, au nyumba aliyoishi utotoni.

ANAYESAHAU SI MCHAWI

Kuna hatari nyingine ambayo haistahili kunyamaziwa. Katika kaunti za Kilifi, Kwale na Kisii, wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa katika eneo la Marani, Kisii, kwa madai kama hayo. Kule Ganze, Kilifi, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa maisha.

Si kila anayeshutumiwa ana demensia. Chuki na ugomvi wa mashamba vimechangia pakubwa. Lakini dalili za demensia zinaweza kusomwa vibaya: ajuza anapatikana usiku uani mwa jirani, hajui amefikaje, anazungumza peke yake, hawezi kujieleza. Jirani aliyeelezwa mapema kuhusu maradhi yake atamshika mkono na kumrejesha kwao. Asiyeelezwa huenda akapiga mayowe. Ukimya wa familia, unaotokana na aibu, unaweza kumgharimu mzee maisha yake.

Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mzee haki ya kuishi kwa heshima na staha, bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji ufaao kutoka kwa jamaa zake na Serikali.

MIPAKA YA VIKUMBUSHO

Vikumbusho haviponyi. Kwa demensia inayoendelea, kilichofaa mwaka huu huenda kisifae mwaka ujao. Daftari litaacha nafasi kwa kadi, kadi kwa picha, na mwishowe sauti na mkono wa mtu ndivyo vitakavyobaki. Kikumbusho kikishindwa, kibadilishwe, asilaumiwe mzee.

Vilevile, tahadhari na vidonge vinavyouzwa kwa madai ya kunoa kumbukumbu. Njia zenye ushahidi ni za kawaida mno. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilisema mwaka wa 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa, yakiwemo elimu duni ya utotoni, shinikizo la damu, kisukari, sigara, upweke, na udhaifu wa kusikia na kuona usiotibiwa.

Nani aanze, basi, na lini? Aanze yule ambaye bado anajiweza, na aanze sasa. Msumari wa funguo, daftari la mezani na alama kwenye kalenda vikizoeleka leo, vitakuwa vimeota mizizi mikononi siku kichwa kitakapochoka. Nao watoto wa yule mzee wa sebuleni wana kazi nyepesi kuliko wanavyodhani: watundike kalenda karibu na mahali anapokunywa chai, waifunge kalamu kwa uzi, na akiwauliza tena kama amemeza dawa, waende naye waitazame pamoja bila kuguna.